Gundi Yangu Ndani ya Viatu Vyako

Mzee wa Uzi,

Nimekushika! Umelala kaburini Chakol ukidhani siri yako umelala nayo, kumbe uliiacha ndani ya soli, na kazi yangu mimi ni kufungua soli. Omoding, ulikuwa unaniibia gundi.

Wacha nianze mwanzo, ingawa najua ungekuwa hapa ungeshanikatiza.

Benchi letu bado liko palepale Malaba mpakani, kando ya foleni ya malori. Upande wangu kuna makopo, upande wako hakuna kitu. Baada ya mazishi watu waliendelea kuja na kuniuliza yule fundi wa kushona yuko wapi, nami nikawa nawajibu kwa hasira kana kwamba wao ndio waliokuficha. Kijana mmoja wa bodaboda akakalia kiti chako akingoja abiria. Nilimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kumwandikia mtu aliyezikwa kwa maombi. Siku hizi nakiegemeza ukutani na kila mtu anajua ni cha nani. Nina upweke, Omoding. Nasema mara moja tu, usije ukaringa.

Tulibishana jambo moja miaka yote ile. Wewe uzi, mimi gundi. Dereva akileta kiatu kilichofungua mdomo, unamharibia moyo mimi nikiwa nimekaa hapo hapo: "Hiyo gundi yake ni uongo ya kopo. Itashika mpaka hapo kwa geti. Ukivuka tu Uganda, kiatu inaanza kucheka." Nami nakujibu kwamba soli nene ya mpira haitaki kutobolewa matundu kama chujio, maji yataingia. Hukukubali hata siku moja. Hata mvua ilipoingia kwenye viatu vyako mwenyewe, ulivyovishona mwenyewe, ulisema ni jasho.

Sasa sikia habari za binti yako. Amoit amehangaika kutafuta kazi tangu amalize chuo, hilo unalijua. Mwezi uliopita akapata nafasi kwenye kikundi cha vijana wanaoongoza wageni kupanda Mlima Elgon. Lakini walitaka kumjaribu kwanza: apande na mzigo mgongoni, ashuke, ndipo waseme kama anafaa. Na walimwambia wazi kwamba asiye na viatu vya mlima asijisumbue kuja.

Akakumbuka lile gunia lako la kazi. Akaja nalo hadi hapa benchini, akatoa vile viatu ulivyomnunulia kwenye mitumba ukavificha chini ya kitanda. "Mama, baba alisema hizi ni zangu," akaniambia, maana ananiita mama ingawa si mimi niliyemzaa. "Lakini angalia." Akaviinua, na soli zote mbili zikaning'inia kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.

Viatu vya aina ile havipendi kukaa. Ukivifungia gizani bila kuvivaa, gundi ya kiwandani inachoka yenyewe na kuachia. Nilibonyeza ule mpira laini wa katikati kwa kidole, roho mkononi, kwa sababu ungemeguka ningemwambia mtoto hakuna dawa, na vingine angevitoa wapi? Haukumeguka. Nikashukuru, nikavuta soli ya kwanza yote ikatoka.

Nikaona gundi. Si ya kiwandani. Ni yangu, ile ya rangi ya asali chafu ninayoijua kama ninavyojua mkono wangu. Imepakwa nene, kama siagi ya mtu asiyenunua mwenyewe. Na katikati yake, imekauka pale, alama ya kidole gumba chenye kovu la sindano lililokatiza kutoka upande hadi upande.

Nilicheka mpaka Amoit akaogopa. Halafu nikalia, akaogopa zaidi.

Unakumbuka nilivyokuwa nalalamika kopo linapungua? Nililaumu kifuniko. Nikalaumu vijana wa bodaboda. Nawe ukanitazama machoni, mwizi wewe, ukaniambia kwa huruma, "Mama Gundi, hiyo ni jua inakunywa." Na mimi nikahamisha kopo kivulini!

Na hata kuiba hukujua kuiba. Ulipaka ikiwa mbichi, ukabandika papo hapo. Umezoea uzi, Omoding. Uzi ukiuvuta umeshika. Gundi hupakwa nyembamba pande zote mbili, halafu unaiacha. Unaigusa kwa mgongo wa kidole, na ikikunasa, bado haijawa tayari. Ukigusa kidole kikatoka kikavu, hapo ndipo unabandika, na unabandika mara moja. Lakini wewe uliwahi kungoja nini? Chai uliimeza ikiwa inachemka. Lori halijasimama, wewe umeshaita dereva. Hata siku ile ya mwisho hukungoja nifike. Nilikuwa njiani, Omoding. Nilikuwa njiani kabisa.

Lakini niliiangalia ile alama ya kidole na nikajivunia wewe. Mzee mbishi kama wewe, uliyetukana kopo langu mbele ya mataifa mawili, ulijua kwamba soli zile uzi wako hauziwezi, na kwa ajili ya mtoto wako ukameza maneno yako yote. Ungeniomba ningekupa kopo zima. Ningekucheka mpaka Krismasi, lakini ningekupa.

Basi nikaifanya kazi. Nikakwangua gundi yote ya zamani, isipokuwa kile kipande chenye kidole chako, hicho nilikibandua taratibu na ninacho. Nikapiga msasa, nikapangusa kwa petroli, nikapaka, nikangoja, nikapaka tena, nikangoja tena. Nikabandika, nikagonga kwa nyundo, nikavifunga kwa blada, ile mipira ya tyubu kuukuu, mpaka vikafanana na mgonjwa aliyevunjika mguu, nikaviacha hadi kesho yake. Halafu, na usiniseme, nikachukua sindano yako iliyokuwa mle guniani nikashona pua za viatu, pale mpira unapopanda juu ya ngozi. Mishono imepinda. Lakini ni uzi, na ni wewe.

Siku alizokuwa mlimani sikufaa kwa lolote. Upande wa Elgon mawingu yalikuwa meusi tangu asubuhi, na mimi nawaza soli moja ifunguke kwenye utelezi, mtoto arudishwe nyumbani, na mkono uliovitengeneza ni wangu. Niligombana na wateja wote.

Amerudi Jumamosi. Hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja hapa, akapandisha mguu juu ya benchi na matope yake yote. Nikapitisha ukucha kuzunguka soli nikitafuta pa kuingilia. Hapakuwa na pa kuingilia. "Mama Gundi," akasema, kwa sauti ile ile yako, "imeshika." Wamemchukua. Mzigo wake aliubeba hadi juu, na kushuka alimshika mkono mwenzake aliyekuwa anateleza. Nimewaambia madereva wote, hata wa Kampala wasiokujua.

Nakuahidi hivi: soli za Amoit zikichoka nitazifunga mimi, na pua nitazishona kwa sindano yako mpaka mishono yangu inyooke. Kopo moja nimeliweka upande wako wa benchi. Usiibe tena, chovya tu.

Lala salama, rafiki yangu. Ubishi wetu haujaisha, nami nitakuja tuumalize, ila sina haraka, kazi ni nyingi. Kwa hiyo wewe ambaye hukuwahi kungoja kitu, safari hii ningoje.

Mwenzako wa benchi,
Nafula, Mama Gundi