Nafasi Kando ya Tata

Mama,

Jana Mogaka, kifungua mimba wako, alitundika picha mpya ya familia sebuleni, juu ya kochi lako. Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Nina hasira, Mama, na sina mwingine wa kumwambia.

Unazikumbuka Desemba zetu hapa Sironga. Nilikuwa nafunga studio yangu ya picha kule Nyakoe nije kupanga watu, kuanzia Tata, baba yetu, hadi vitukuu. Wewe hukupangwa na mtu. Ulienda moja kwa moja kusimama kati ya Tata na wake wa kaka zangu, maana kwetu mke wa mtoto hagusani bega na baba mkwe. Heshima ile ya chinsoni haijali kama ni picha. Halafu ulitanua kiwiko ukawasukuma wifi zangu: "Hapa ni pa Moraa." Nabonyeza taima ya kamera, taa nyekundu inamemeta, nawe unapiga kelele, "Kimbia, mwanangu, kimbia!" Katika picha zote mimi nahema, wewe unacheka mdomo wazi, na mkono wako umenishika kiunoni.

Desemba hii, ya kwanza bila wewe, nilisimamisha kamera palepale karibu na migomba. Nilikuwa natega taima Mogaka aliposema, "Wewe piga tu. Hii ni ya wenye boma. Msichana ni wa kuolewa." Msichana! Mama, nina mvi. Wiki hiyo hiyo alikuwa amewaonyesha wadogo zake mipaka ya kila mmoja katika shamba la majani chai, na mimi sikuitwa.

Akawaambia wasogeleane, wazibe pengo. Wifi zangu wakatazama chini. Hakuna aliyesogea, hata mkewe mwenyewe. Tata akaangalia nyasi kando yake, kisha akaniangalia mimi. Nilingoja aniite. Akarudisha macho kwenye kamera. Nikapiga.

Wageni wa jana walipoiona walisema tumefanya vizuri kukuachia nafasi, na Mogaka akaitikia kana kwamba wazo lilikuwa lake. Lakini pengo lile si la mtu mmoja. Nimepanga watu maisha yangu yote, najua upana wa mabega. Ni la wawili, Mama. Nadhani Tata naye anajua, maana leo asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya picha na kofia mkononi. Aliponiona akatoka nje.

Nimechoka kungoja kuitwa nyumbani kwetu.

Lala salama, mama yangu. Desemba ijayo sitaomba ruhusa ya mtu. Nitatega taima na nitakimbia, hata kama hakuna wa kunipigia kelele. Nitasimama pale pako, karibu na Tata. Pangu nitapaacha wazi, unishikie wewe.

Moraa