Mkono Palipo Moyo

Jumatatu, 7 Julai. Mwisenge.
Swala ya alfajiri, kisha uradi. Zainabu amenimiminia chai mwenyewe, bila kumwaga tone. Huu ni mwezi wa tano tangu madaktari wa Dar es Salaam wampitishie waya hadi ubongoni na kumwekea betri yake chini ya ngozi ya kifua, ili mtetemeko wa miaka tisa ukome. Ameniambia, "Sheikh, chai haimwagiki tena. Sasa utanung'unikia nini?" Mke wangu amerudi. Alhamdulillahi.

Baada ya swala hubaki mkekani, mkono kifuani, akimtaja Mola. Nilimwelekeza mimi. Tasbihi ilikuwa ikimponyoka. Nikamwambia auweke mkono palipo moyo. Vidole vyake hutembea taratibu juu ya ngozi. Unyenyekevu mzuri.

Jumamosi, 19 Julai.
Shingo inamvuta. Anausingizia mto.

Jumanne, 22 Julai.
Kikombe kimemwanguka. Mkono wa kulia unatetemeka kama zamani. Sikula.

Alhamisi, 24 Julai.
Binti yetu Mwajuma amefika kutoka Nyasura, Bunda. Alimtazama mama yake akivuta uradi, akapaza sauti: "Mama! Kumbe unakizungushaga hicho kidude!" Zainabu hakujua. Kila tamko, vidole viliigeuza betri kidogo ndani ya ngozi. Mimi niliviona kila siku. Niliviona, nikafurahi.

Jumatano, 6 Agosti. Dar es Salaam.
Picha imetoka. Waya umesokoteka kama kamba ya ng'ombe. Ncha zake zimevutwa kutoka mahali pake ubongoni. Daktari asema ni jambo adimu, kwamba ngozi ya wazee hulegea. Kupasua tena? Moyo wake umedhoofika, huenda asiamke. Zainabu amekataa. Betri imezimwa.

Nilikiri mbele yake kwamba kosa ni langu. Akasema, "Ulinifundisha kumtaja Mungu. Basi, baba, yaishe." Hayakuisha.

Jumapili, 10 Agosti. Mwisenge.
Nimemwachia mwingine kuongoza swala. Navichukia vidole vyangu vilivyotulia.

Ijumaa, 15 Agosti.
Baada ya alasiri. Zainabu mkekani, mimi kando yake. Mkono wake nimeufumbata ndani ya wangu, pamoja na tasbihi. Yeye anataja, mimi navuta punje. Zinagongana kwa mtetemeko wake, nami siziachi.

Chai nimemimina mimi. Nusu kikombe.