Dumu Lisilo na Maandishi

Koboko,
12 Novemba, 1994

Kwako dada yangu Nora,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako wa kazini, Emilia. U hali gani, dada? Kifua kinaendeleaje? Mjomba wako Lado na wote wa nyumba yenu huko Awindiri, Arua, natumaini wameamka salama. Mimi mwili hauna neno. Mvua zimetuozeshea maharage, ila muhogo tunao, na wakimbizi kutoka upande wenu wa Sudan bado wanaingia kila siku na mizigo kichwani.

Nina hamu nawe, dada. Miezi sita ni mingi. Saa kumi, kazi ya usafi kambini ikiisha, wenzetu huosha glavu na mabuti na kuyaanika kwenye ua, kisha kila mtu huenda na mwenzake. Mimi tangu uondoke nilikuwa nakaa jikoni kwenye lile gogo letu, peke yangu. Nywele akawa ananisuka Mariam Poni, mpishi, lakini anavuta sana na hana hadithi. Aproni yako bado imetundikwa stoo. Hakuna aliyeivaa. Kila nilipopita hapo niligeuza uso.

Kipindupindu kimepungua, katika hema kubwa wamebaki wagonjwa wanne. Hata hivyo Fabiano, msimamizi wetu, alikuwa bado anatufundisha unga wa klorini kila Jumatatu kana kwamba hatujawahi kuuona. Unamkumbuka anavyosimama na kijiko chake: “Hii unga hapana cheza nayo. Rafiki yake iko maji tu. Kitu ingine, hapana!” Anataka tuchanganyie nje, upepo ukiwa mgongoni, macho na pua vimefunikwa. Unga ndio utiwe kwenye maji, si maji kwenye unga. Kopo lifungwe na likae pakavu, mbali na jua. Siku yetu ya kwanza ulininong'oneza kwamba mwanaume huyu anaogopa unga kama nyoka, nikacheka mpaka akanitoa nje. Siku hizi hakuna anayecheka.

Juzijuzi binamu yako Natale alipita hapa na baiskeli yake akitoka huko kwenu Ayivu. Aliniambia kwamba huwezi tena kwenda kanisani bila kupumzika njiani mara tatu, na kwamba moshi wa kuni unakukohoza hadi machozi. Akasema pia kwamba hukumbuki kitu cha siku ile, na umeanza kuamini maneno ya watu, kuwa wewe ndiye uliyechanganya vibaya. Nilishindwa kula. Nora, tangu uondoke nimefika Arua mara mbili kukuona, na mara zote mbili nimeishia sokoni, nikarudi. Natale hajui kwa nini. Wewe utajua sasa.

Hukuchanganya kitu. Ni mimi.

Wiki ile tuliambiwa wakubwa wanakuja kukagua. Niliomba asidi ya betri kwa mafundi wa gereji nisugulie madoa ya choo. Nikaitia kwenye dumu la njano, sawasawa na madumu yetu ya maji, sikuandika kitu juu yake, nikaliacha stoo. Kisha ikaja siku ya mvua kubwa. Wagonjwa walikuwa wakishushwa kwa machela na pipa la dawa ya klorini lilikuwa tupu. Sikutaka kulowa. Nikafunga mlango, nikachanganyia ndani. Nilimimina lile dumu kwenye ndoo nikidhani ni maji, nikatia unga. Ndoo ikachemka, ukapanda moshi wa rangi ya majani mabichi, koo langu likaziba. Nikatokea mlango wa nyuma, nikaanguka kwenye nyasi.

Hapo nikakusikia. Ulikuwa umesikia kikohozi changu ukaingia kwa mlango wa mbele, bila kitu usoni. “Emilia! Wewe iko wapi? Toka nje!” Uliita mara tatu. Sauti nilikuwa nayo, Nora. Ningeweza kusema niko huku, rudi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafikiria lile dumu na nitakavyolieleza. Mara ya nne hukuita.

Mlinzi, Sulaimani, ndiye aliyejifunga shuka usoni akakuburuta hadi penye upepo, akakuosha macho kwa maji mengi. Wakati huo mimi nilikuwa nyuma, nalisuuza dumu.

Fabiano alipouliza, nilisema sijui. Ulikutwa kando ya ndoo, wakahukumu. Ulifukuzwa kazi ungali kitandani. Nilipokuja kukuaga na ndizi zangu, ulinishika mkono ukasema tumshukuru Mungu kwamba sikuwamo ndani.

Jumatatu iliyopita, somo lilipokwisha, nilisimama nikayasema haya yote mbele ya wafanyakazi.  Fabiano akasema, “Mimi nilifukuza mutu bure.” Ameandika karatasi kwa mkono wake kwamba huna kosa, na kwamba moshi ule ulikuwa wa asidi na klorini; imo ndani ya bahasha hii. Anasema ukitaka, kazi iko, ya kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari, mbali na unga. Pia mwonyeshe daktari karatasi hiyo, ajue umevuta nini. Mimi nimeachishwa. Sikubisha.

Sasa niko nyumbani, nalima. Natale atapita kwenu Jumamosi ijayo. Ukiwa na neno, hata la kunilaani, mpe aniletee. Ukitaka nije, nitakuja kukuchotea maji na kukutwangia, na ukichoka kuniona nitaondoka.

Mariam Poni anakusalimu. Sulaimani anauliza kama macho yamepona. Msalimie mjomba Lado, ingawa sijui kama atazipokea salamu zangu akishasomewa barua hii. Msomee yote, usimfiche.

Ni mimi mdogo wako, ikiwa bado waniita hivyo,

Emilia