Wezi wa Shaba Wameiba "Faiba" Yangu

Shoga, uko wapi? Soma hii sasa hivi, sijui nilie au nicheke.

Waya wetu wa intaneti umeibwa! Mchana kweupe! Wameukata wote, kutoka kwenye nguzo mpaka ukutani kwangu.

Nikamwita fundi. Mama mkwe yuko hapo sebuleni, masikio wazi. Fundi akatazama kipande kilichobaki, akasema, "Dada, hawa ni wezi wa shaba. Faiba hawaigusi, ni nyuzi za kioo tu, haina soko."

Nikamwambia, "Lakini mimi nina faiba!"

Akanionyesha. Shaba tupu, inang'aa kama hereni. Kumbe faiba yenyewe inaishia kwenye nguzo, kutoka hapo kuja kwangu ni shaba!

SHABA, shoga! Mimi niliyewashawishi majirani wote wahamie kampuni hii ya intaneti, eti ina faiba! Mimi niliyemwambia mama mkwe kuwa shaba ni mambo ya kizamani!

Mama mkwe akauliza taratibu, "Kwa hiyo mwizi alijua, mwanangu, wewe mwenye nyumba hukujua?"

Nikaipigia kampuni kwa hasira. Dada wa huduma kwa wateja akasema, "Pole sana, kesho tunakuletea waya mpya."

"Wa faiba?"

"Ndiyo, mama. Faiba ya shaba."