Kisima Kinachongoja Neno Lako

Kibuyuni, karibu na Shimoni

Mama yangu, mzaa mume wangu,

Assalaam alaykum. Nakushika miguu kutoka mbali. Wifi yangu Mwanaheri, najua wewe ndiye utakayemsomea mama, kwa hivyo mketishe kwanza, kisha usome polepole na usiruke mahali hata ukiona uchungu.

Mama, miguu yako inaendeleaje? Kile kifua kimepungua? Sisi huku tunashukuru. Somo yako, mjukuu wako Mwanaesha, amekuwa mbishi wa kupindukia, na hilo sijui amelirithi kwa nani. Mimi ningali ndani ya eda.

Nahodha aliyewaletea habari ya msiba alirudi na swali lako. Alinieleza kwamba ulimshika mkono ukamuuliza, "Mwanangu alikufaje?" ukamuuliza tena na tena, naye hakuwapo. Mimi nilikuwapo. Siku zote hizi nilikuwa sina nguvu ya kushika kalamu, leo nimeipata kidogo.

Unakumbuka vita vilipoingia mashambani kwetu barani, nyinyi mkavuka kwenda Kizingitini na sisi tukapakiwa kuletwa huku kusini. Tulifika nyumba nane za watu wa kwetu, na wengine hata hatukuwa tukijuana vizuri. Wenyeji walitupokea, wakatupa mahali pa kujenga vibanda, Mungu awalipe. Lakini mvua ilikuwa imekosa, na wao wenyewe walikuwa wakila mihogo mikavu. Huko mijini watu walikuwa wangali wakiimba uhuru, sisi tulikuwa tukitafuta chumvi.

Mwanao Athmani ndiye aliyesema tule kikoa. Si kile kikoa cha raha tulichokizoea kwetu, cha vijana kuchinjiana mbuzi baada ya mavuno. Hiki kilikuwa cha shida: leo nyumba moja inapika chungu kimoja, wote wanakula, kesho inapika nyumba nyingine. Nilimcheka. Nikamwambia, "Bwana wee, kikoa cha kulishana nini? Upepo?" Akanijibu, "Nyumba moja itakosa, lakini zote nane hazitakosa siku moja."

Ikawa kweli. Siku ya Kassim, yule fundi wa mawe, tulikula ugali kwa maji ya chumvi, na tukacheka hadi mbavu zikauma. Kesho yake Athmani alipata samaki wengi, watu wakala wakasaza. Nakuambia, Mama, katika dhiki ile mwanao alinenepa kwa furaha. Alikuwa akitembea kama mtu mwenye mji wake.

Kilichotushinda kilikuwa maji. Kisima cha wenyeji, kaskazi ikikaza, hutoa maji kidogo tena ya chumvi, na wanawake tukaanza kusukumana pale. Bibi mmoja aliniambia usoni, "Nyinyi mliokuja, ngojeni sisi tumalize." Niliumia, lakini sikumlaumu, kwa kuwa ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo. Tukakubaliana kuchimba kisima chetu, kwa taratibu ileile ya kikoa. Kila nyumba ina siku yake ya kushuka shimoni, nyingine zinavuta ndoo. Nyumba yenye zamu ya kupika haishuki siku hiyo, mwanamume wake huenda kutafuta kitoweo.

Mama, siku ile ilikuwa zamu yetu ya kupika.

Zamu ya kuchimba ilikuwa ya Kassim. Aliamka na homa, anatetemeka mwili mzima, na bado akaja na mtaimbo wake, maana kwetu kuruka zamu ni aibu kubwa. Athmani alimpokonya ule mtaimbo. "Nenda kalale," alimwambia. "Samaki nimekwisha kupata, mke wangu anapika. Mimi nikae nikitazama chungu?" Nikamwambia, "Athmani, leo si zamu yako." Akaniambia, "Wewe tia nazi."

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Nimeligeuza huku na huku nikitafuta ndani yake kitu cha kukuletea wewe, na sikukiona. Ni nazi tu.

Mvua kidogo ilikuwa imenyesha ikalowesha mchanga wa juu. Chini walikuwa wamekwisha kufika kwenye jiwe, na jiwe lilikuwa limeanza kutoa maji matamu, lakini kuta za juu zilikuwa bado hazijajengewa mawe. Upande mmoja uliporomoka wote, ukamfukia akiwa chini. Watu walifukua kwa mikono. Wenyeji walikuja mbio, hata yule bibi aliyeniambia ningoje alifukua mpaka kucha zikatoka damu. Walipomtoa, mwanao alikuwa amekwisha kwenda zake. Walitupa sanda, wakamzika katika makaburi yao kama mtoto wao. Sasa umejua, Mama. Hakuteseka muda mrefu, na hakuachwa peke yake.

Kisima kimefunikwa kwa miti na makuti. Wako wasemao kifukiwe, kwa kuwa kimekula mtu. Kassim amepona homa lakini hainui macho. Kila alfajiri huenda mbali akarudi na mzega begani, madebe mawili ya maji, na huyaweka mlangoni kwangu kabla hajapeleka nyumbani kwake. Majuzi alisimama nje ya mlango akasema, "Dada, sisi hatuna kauli. Amekufa katika zamu yangu. Wenyewe ndio wa kusema, kifukiwe au kichimbwe." Nikamjibu kwamba mimi ni mke, nilimpata kwa mahari na mashahidi wawili, lakini mwenyewe ni aliyembeba tumboni. Kwa hivyo neno ni lako.

Sitakuficha moyo wangu. Nakichukia kisima kile. Nikisikia tu harufu ya mchanga uliolowa, huingia ndani nikafunga mlango. Lakini maji ya Kassim hayatoshi, na somo yako anaharisha kila siku kwa haya maji ya chumvi, na mikono yake imekuwa myembamba. Nyumba mbili zimekwisha kukata tamaa, zimehamia Mombasa, kila moja na lake. Zikiondoka nyingine, kikoa kimekufa, na kila mtoto atalala na njaa yake kwao. Nayataka maji yale, Mama. Naona haya kukuambia, lakini nayataka.

Umeniagiza kwa nahodha nirudi. Nirudi wapi? Barani bado hapalimiki, na wewe mwenyewe umejibanza chumba kimoja kwa Mwanaheri na watoto wake. Tena Athmani yuko hapa. Nikiondoka, nani atampalilia kaburi?

Nisalimie shemeji, mume wa Mwanaheri, kwa kukutunza. Nisalimie baba mdogo aliyemfundisha Athmani kutega, na mwalimu wa chuo cha Kurani, umwombe amsomee mwanafunzi wake hitima. Mama yangu mzazi ukikutana naye, mwambie ninakula.

Nahodha ataingoja kauli yako kabla ya kutweka tanga. Ukisema kifukiwe, kitafukiwa, nami sitanung'unika mbele ya mtu. Ukisema kichimbwe, basi ujue na hili: kwa taratibu yetu, kazi iliyokatika huanzwa tena na nyumba iliyokuwa chini ilipokatika. Zamu itakuwa yetu, na nyumba yetu haina mwanamume. Kassim ameomba atushukie. Nimemkatalia, kwa kuwa ni kushukiana huko kulikotupotezea mwanao. Eda yangu ikiisha, nitashuka mimi.

Mkweo, uliyemwita mwana siku ya kwanza,

Mwanakombo