Dirisha la Nailoni la Mama

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri ikakoma saa nne, na matope ya Kasulo yameganda kwenye viatu vyangu hadi nimekata tamaa ya kuvisafisha. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia ila nafsi yangu.

Leo nimelikagua dirisha jipya la mama.

Tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa, miaka mitano sasa, chumba chake kilikuwa na tundu la dirisha bila dirisha. Nyumba zetu zimepangwa mstari, milango yote inatazama barabara, ndivyo kamati ilivyotaka. Tundu la chumba cha mama liko nyuma, nami nilikuwa nimeliziba kwa gunia. Gunia lile lilikuwa aibu yangu. Mimi ni mwalimu wa kisomo, nawasomesha watu wazima kwamba nyumba bora ina madirisha, kisha narudi kwangu kwenye gunia. Upepo ulipita, mvua ilipita, na mama alikohoa kila masika.

Tena ni mimi niliyemshawishi ahame. Majirani wengine walisubiri mpaka nyumba zao zikaezuliwa huku wakitazama. Mama alihama kwa hiari, kwa sababu nilimwahidi nyumba yenye dirisha la kioo. Alishika mgomba wa mwisho pale uani, akauachia, akanifuata.

Kioo hakikuja. Mwanzoni tuliambiwa tusubiri, halafu vita vikaanza, na malori yaliyokuwa yakipita Nyakanazi na bidhaa yakaenda kubeba askari. Wiki hii kamati imegawa nailoni nzito badala yake. Jana akaja Kassiani, seremala wetu aliyejifunza kazi Biharamulo, akalifunga dirisha.

Alitaka kutia bawaba ili lifunguke. Nikakataa. Nilimwambia bawaba hulegea, apigilie fito pande zote nne, asiache hata pa kupitisha ukucha. Naandika hivi ili nisije nikamsingizia.

Basi leo nikajifanya mkaguzi. Nimerusha ndoo nzima ya maji kutoka nje, ndani halikupita hata tone. Nimewasha kibatari nikakisogeza pembeni mwa fremu, moto haukutikisika. Nimeibonyeza nailoni kwa dole gumba, ikavutika, ikarudi. Nimempa mama ungo wa maharage akatoa kila kijiwe, jambo ambalo chumbani mle halikuwezekana hata saa sita mchana. Mwenyekiti kapita, kagonga fito kwa fimbo yake, akasema Alhamisi wageni wa wilaya wataletwa kuliona. Nikacheka kwa furaha.

Mjinga mimi.

Mama miguu imemvimba, haendi mbali zaidi ya mlangoni. Kwa miaka yote mitano, kila asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani, alikuwa analivuta lile gunia na kuangalia kilima cha kwetu, upande wa Nyakisasa, ilipobaki migomba yetu na kaburi la baba. Anapiga ishara ya msalaba, anakitazama kidogo, anarudisha gunia. Nilimwona kila siku. Nami kila siku nilimgombeza kwamba anaingiza baridi.

Hii nailoni ni nyeupe kama uji mwepesi. Inapitisha mwanga, na zaidi ya mwanga haipitishi kitu.

Mchana nimemkuta ameketi akiielekea. Kassiani alikuwa amerudi kuchukua nyundo aliyoisahau, akamwamkia shikamoo, akamuuliza analionaje dirisha. Mama akaitikia marahaba, akamshukuru sana, akasema mwanga anauona. Kassiani kaondoka ameridhika. Hapo mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kihangaza chetu, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Stefania, na kilima nacho wamekihamisha?"

Nilimtoa penye migomba yake kwa ahadi ya dirisha, na sasa kwa dirisha hilohilo nimemnyang'anya kilichobaki. Hata lile gunia lilimfaa kuliko mimi.

Nimechukua wembe. Mama akanishika kifundo cha mkono, akaniambia niache, wageni wanakuja, nitaandikwa jina kwa kuharibu mali ya kijiji. Niliumia zaidi kuliko kama angenitukana. Yaani mpaka leo ananihurumia mimi!

Jioni hii hajakohoa hata mara moja. Lazima niliandike na hilo, kwa kuwa ni kweli, na linanichanganya. Amelala ameligeuzia dirisha mgongo. Hajawahi kulala hivyo.

Nimekwisha kuamua. Kesho kabla hajaamka nitaikata nailoni pande tatu, niache upande wa juu, nitie msumari wa kuifungia mvua ikija. Baridi itapenya kidogo, nitamfunika blanketi langu. Alhamisi wageni wakiuliza ni nani aliyelikatakata dirisha zuri kama hili, nitasimama mbele yao na mwenyekiti wao niseme ni mimi, mwalimu wa kisomo. Waandike. Jina langu nitawatajia herufi kwa herufi.

Ila wembe huu ni butu. Sijui nitaazima mwingine kwa nani asubuhi mapema bila kuulizwa wa nini.