Mstari wa Foleni Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Nimelituma! Zoezi la kwanza kubwa, na nilibofya nimefumba macho – mimi niliyekuwa nikitafuta mshipa wa kichanga bila kupepesa jicho. Programu ya kupanga foleni ya wagonjwa: aliyezidiwa atangulie, mwenye mafua asubiri. Wenzangu wameilalamikia wiki nzima. Mimi nilijiona niko nyumbani.

Darasa letu nalo ni kichekesho. Shahada ya uzamili ya kompyuta kwa watu ambao hawakuwahi kusoma kompyuta. Yupo mwalimu wa historia, yupo mwanamuziki, yupo Bwana Shamba ninayekaa naye meza moja, ambaye kazi yake ilikuwa kupima udongo wa wakulima. Na mimi, nesi wa wodi ya watoto. Kila mtu kaacha ugali wake kaja kuanza upya uzeeni.

Programu yangu nimeiandika mwenyewe, na Bwana Shamba yake. Ila kabla ya kutuma nilimwambia hakuna dozi inayotoka bila jicho la pili. Nikasoma yangu kwa sauti, yeye akafuata kwa kidole kwenye skrini, kisha tukabadilishana. Yake ilikuwa safi. Yangu akainasa: foleni ikiwa tupu, programu inakwama. Akanitajia mstari wa kuongeza kama alivyouandika kwake, nikauandika palepale. Mwisho tukasaini, kama wodini. Jina lake juu ya kazi yangu: imehakikiwa. Jina langu juu ya yake: imehakikiwa. Roho yangu ikatulia.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna jipya. Binti yangu kauliza mama ukimaliza utaitwa nani. Nikamwambia hata mimi nauliza.

Alhamisi, 13 Machi

Mungu wangu.

Mhadhiri katuzuia baada ya kipindi, mimi na Bwana Shamba. Akatuonyesha kazi zetu mbili zikiwa bega kwa bega. Ile mashine yao ya kukagua wanaonakili imepaka rangi nyekundu mstari wa foleni tupu, kwake na kwangu, herufi kwa herufi. Akasema ameshakamata wengi wanaonakili, lakini waliotia saini, sisi ndio wa kwanza. Mwanamuziki aliyekuwa anafunga begi lake akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Nikajaribu kueleza. Wodini ukitoa dawa bila mwenzako kuhakiki, ndipo unapofukuzwa. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akasema hapa ni kinyume: zoezi lilikuwa la mtu mmoja, na yeyote aliyechukua mstari wa mwenzake amenakili. Aliyenakili anaweza kuondolewa kwenye shahada. Kamati inakaa Jumatatu, kila mmoja atahojiwa peke yake.

Tulipofika mlangoni akashusha sauti: "Kunakili, kamati huweza kusamehe. Kudanganywa haisamehi. Nawaomba mlikumbuke hilo."

Bwana Shamba alitembea mbele yangu hadi getini.

Hospitalini nafasi yangu ilishapata mtu. Nimejimwagia unga mwenyewe, tena kwa mikono iliyooshwa vizuri kabisa. Naogopa. Niandike tu: naogopa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia mume wangu. Kaendelea kupiga pasi shati lilelile. Angefoka ningejua pa kushika.

Aliyesema ni wifi. Huyu ndiye aliyeanza kuniita daktari wa mashine siku niliyorudisha sare, na mpaka leo halijamchosha. Alikuja kuchukua sufuria yake akakaa mpaka giza. Akataka aelezwe kila kitu, nani aliandika nini, nani alimtajia nani, wakili mzima. Kisha akafunga kesi.

"Sasa tatizo liko wapi, wifi yangu? Sema mstari ni wako. Yeye hana mke wala mtoto. Wewe wanao watakula hizo kompyuta?"

Nikamwambia mhadhiri ametuonya kuhusu uongo. Akasema uongo ni ule unaojulikana. Nikamsindikiza hadi barabarani kwa adabu zote, na sufuria yake mkononi. Maneno yake akayaacha ndani. Nimeosha vyombo huku nikiyajaribu mdomoni: mstari ni wangu. Yanatamkika vizuri mno. Nimejichukia.

Jumapili, 16 Machi

Bwana Shamba hapokei simu. Tangu jana. Simu imezimwa kabisa.

Kesho ndiye anayeingia wa kwanza. Na yeye kapata wifi wa kumshauri? Nilimwamini haraka, ndiyo shida ya kuzoea manesi.

Jumatatu, 17 Machi

Naandikia kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Lazima niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Nianze mwanzo. Katibu alitukalisha mbalimbali, hakuna kuongea. Bwana Shamba kaja na tai. Sikujua kama ana tai. Aliitwa, akakaa humo ndani muda mrefu. Alipotoka akaelekezwa benchi la mwisho kabisa wa ukumbi, nami nikaitwa.

Mwenyekiti ni mama wa makamo, mpole, ana ile sauti ninayoitumia mimi kabla ya sindano. Mhadhiri alikaa pembeni. Swali lilikuwa moja: mstari wa foleni tupu uliandikwa kwanza na nani?

Maneno ya wifi yalikuwa ulimini. Naapa, yalikuwa hapo. Nikayameza.

"Ni wake. Alininasa kosa, akanitajia, nikauandika. Yeye hakuchukua chochote kwangu."

Nilijisikia mwepesi! Nikajiona nimemwokoa, na nikajipenda kidogo. Halafu nikaona hakuna anayeandika. Mwenyekiti aliweka kalamu mezani akamgeukia mhadhiri, mhadhiri akainamia viatu vyake. Mama mwenyekiti akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika asilimia mia. Akaomba nisubiri nje, na katibu abaki ndani.

Bwana Shamba alipoona katibu hayupo akaja kukaa nami. Uso unang'aa kama wa mtu aliyetua mzigo. Akaomba radhi kwa simu. Aliizima makusudi, alijua tukiongea nitamkataza. Nikamuuliza kumkataza nini.

"Nimewaambia mstari ulikuwa wako, dada. Mimi ndiye niliyenakili. Wewe una watoto, mimi udongo nitaukuta palepale."

Kamati haikumkamata mwizi wa mstari. Imemkamata mwongo, na aliyemkamatisha ni mimi.

Akaniuliza: "Na wewe umewaambia nini?" Nikafungua kitabu hiki badala ya kumjibu. Ameona machozi yangu, anadhani nashukuru. Ananipigapiga mgongoni, ananiambia yamekwisha.

Katibu kafungua mlango. Tunaitwa wote wawili pamoja. Bwana Shamba anamuuliza katibu kwa nini na yeye tena, yeye si alishamaliza? Katibu ananitazama mimi. Mkoba wangu ameuchukua Bwana Shamba, ananibebea, anasubiri nisimame.